Huduma za viziwi Nairobi: mlango upi ni wa nini, na nani analipa

Mzazi wa Kayole au Kawangware akigundua kwamba mwanawe haitiki akiitwa, hakosi watu wa kumwelekeza. Mmoja atamwambia aende Kenyatta. Mwingine atasema KISE, taasisi ya elimu maalumu. Wa tatu atamshauri kwanza amtafutie mtoto kadi ya ulemavu, wa nne anajua kanisa ambako viziwi hukutana Jumapili, na shangazi mmoja hatakosa kusema mtoto ataongea tu, kwani hata babake alichelewa. Wote hao, ukimwondoa shangazi, wanasema kweli. Shida ni kwamba kila mmoja anajibu swali lake, na mzazi hajaambiwa kuwa maswali yenyewe ni matatu.

Kuna swali la sikio: linasikia kiasi gani, na je, linaweza kusaidiwa? Kuna swali la karatasi: serikali inamtambua mtu huyu, na inampa nini? Kisha kuna swali la lugha: mtu huyu ataongea na nani, kwa lugha gani, kuanzia lini? Nairobi ina majibu kwa yote matatu, lakini hayako chini ya paa moja, na ofisi inayotoa jibu moja mara nyingi haikudokezei kwamba kuna mlango mwingine. Familia nyingi huingia mlango wa sikio na kukaa humo miaka nenda miaka rudi. Ule wa lugha huufikia mtoto akiwa na umri wa kwenda shule, bado hajui kusema “nina njaa” kwa namna yoyote ile zaidi ya kuvuta nguo ya mamake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hasara kubwa katika mfumo mzima, na hakuna kifaa kinachoifidia.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 918,270 wenye ulemavu nchini, na kati yao 153,361 walikuwa na shida ya kusikia. Hesabu hiyo ni ya watu wa miaka 5 na zaidi. Maana yake, watoto ambao umri wao ndio unaofaa zaidi kuanza lugha hawamo humo kabisa.

Tena wale waliomo hawafanani. Yuko aliyezaliwa kiziwi, ambaye ishara ndiyo lugha yake ya kwanza au ingepaswa kuwa. Yuko aliyeugua homa ya uti wa mgongo akiwa darasa la pili, akaamka hospitalini hasikii ila maneno anayo tayari. Yuko fundi wa jua kali pale Kamukunji, anayegonga mabati kutwa bila kuziba masikio, ambaye usikivu wake unamtoka kidogo kidogo kwa miaka ishirini. Na yuko nyanya anayeongeza sauti ya redio kila mwezi. Ukimpeleka nyanya darasa la ishara utakuwa umempotezea wakati, na ukimpa aliyezaliwa kiziwi kabisa kifaa cha kusikia peke yake, ukaenda zako, utakuwa umemwacha pale pale.

Tuanze na sikio. Hapa Nairobi kipimo hupatikana katika kitengo cha masikio, pua na koo cha Hospitali Kuu ya Kenyatta, katika kliniki za kibinafsi, na katika Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, yaani KISE, iliyoko Kasarani. KISE ilianzishwa mwaka 1986 kufundisha walimu wa elimu maalumu, lakini pia hupima watoto na kushauri wazazi kuhusu shule. Kipimo huchorwa kwenye chati: desibeli upande mmoja, wembamba au uzito wa sauti upande mwingine. Mazungumzo ya kawaida huwa karibu desibeli 60. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, anayeanza kusikia kwenye desibeli 35 hadi 50 ana upungufu wa wastani, na aliyepita 80 upungufu wake ni mkubwa mno. Mtoto mchanga naye hupimika. Vipo vipimo vinavyofanywa akiwa amelala, bila kungoja aitike. Lakini nchini hakuna utaratibu wa kumpima kila mtoto kabla hajatolewa hospitalini alikozaliwa, kwa hiyo anayegundua huwa ni mama, tena baada ya kuvunjiwa moyo mara kadhaa na watu wanaomwambia angoje.

Daktari atataka kujua kama tatizo liko kwenye njia ya sauti, kama vile usaha, nta iliyogandamana au ngoma ya sikio iliyotoboka, au liko ndani kwenye neva. La kwanza mara nyingi hutibika. La pili kwa kawaida halirudi nyuma. Homa ya uti wa mgongo, surua, manjano kali ya mtoto mchanga, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na baadhi ya dawa kama gentamicin zikitumiwa bila uangalizi, vyote hivi huweza kuharibu sikio la ndani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto ungeweza kuzuilika. Sikio linalotoa usaha mwezi mzima ni la kupelekwa hospitali. Kulitilia mafuta ya moto nyumbani ni kuliharibu zaidi.

Kifaa cha kusikia kikihitajika, kazi yenyewe ndogo ndiyo huamua kama kitavaliwa. Fundi huweka kipande cha pamba chenye uzi ndani ya sikio, kisha kwa bomba lisilo na sindano husukuma ute laini hadi ujaze kila kona. Baada ya dakika chache ute umekauka, anauvuta polepole, na mkononi anabaki na umbo la sikio lile, mikunjo yake yote. Kwa umbo hilo hutengenezwa kizibo kinachoshika kifaa. Sasa, sikio la mtoto hukua. Kizibo kilichomkaa vizuri mwezi wa kwanza baadaye kitalegea, sauti itavuja, kifaa kitaanza kupiga mluzi, mtoto atakichomoa, na mzazi atakitia kwenye droo kusudi kisipotee. Nenda nyumba nyingi zenye mtoto kiziwi utakuta droo hiyo. Halafu kuna betri, zile ndogo zinazofanya kazi baada ya kubanduliwa karatasi ili ziingize hewa. Huisha kwa wiki moja au mbili kifaa kikivaliwa kutwa, na duka la mtaani haliziuzi. Kambi inayogawa vifaa vya bure Jumamosi moja bila kusema vizibo na betri za mwaka ujao zitatoka wapi imepiga picha nzuri, basi.

Upandikizaji wa kifaa ndani ya sikio, ule wa upasuaji, hufanyika Nairobi, Kenyatta ikiwemo. Ni wa gharama, na operesheni ni mwanzo tu. Baadaye kuna miaka ya mazoezi ya kusikiliza na kusema, na kichakata cha nje, yaani ile sehemu inayovaliwa sikioni, ambacho siku moja kitaharibika. Kwa baadhi ya watoto huleta mabadiliko makubwa. Usiku kikivuliwa, mtoto bado ni kiziwi.

Mlango wa karatasi ni mfupi zaidi kuueleza. Mtu hupimwa kwa ajili ya ulemavu katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, matokeo hupelekwa kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo makao yake yako Waiyaki Way, naye husajiliwa na kupata kadi. Wapo viziwi wanaoidharau kadi hiyo kwa kuwa hawajioni walemavu, wanajiona watu wenye lugha yao. Nawaelewa, ila ningewashauri waichukue. Kwa usajili huo mfanyakazi anaweza kuomba msamaha wa kodi ya mapato kwenye shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Mwanafunzi au kikundi kinaweza kuomba msaada kwenye mfuko wa maendeleo wa baraza, na mfanyabiashara anaweza kuingia katika ile asilimia 30 ya zabuni za serikali iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, ndiyo inayosimamia mambo haya sasa.

Kinachochekesha, kama si kuudhi, ni kwamba kuipata kadi ya kiziwi kunahitaji masikio. Karani anatoka mlangoni, anaita jina mara mbili huku anaangalia faili, anarudi ndani. Kiziwi yuko kwenye benchi, macho kwenye midomo ya watu kumi kwa zamu, anajaribu kukisia lipi kati ya majina hayo ni lake. Akikosa, faili lake linawekwa chini ya mengine. Dawa ya hili ni rahisi: karani aandike namba kwenye karatasi na kuinyanyua.

Na watu wanaodhani kusoma midomo kunatosha wajaribu hili mbele ya kioo bila kutoa sauti: sema “baba”, kisha “mama”, kisha “papa”. Midomo haitofautiani hata chembe. Anayesoma midomo anakisia kutokana na muktadha, na mtu akigeuka kuangalia kompyuta, muktadha wenyewe unakwenda naye.

Sasa lugha. Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake, yenye nyusi na mabega ndani yake. Nyusi zikiinuliwa sentensi ile ile hugeuka swali. Pia ina lafudhi: kiziwi aliyekulia magharibi mwa nchi na aliyekulia Mombasa hutambuana kwa ishara. Katika historia haikukaribishwa. Chama cha watoto viziwi, Kenya Society for Deaf Children, kilianza 1958, na shule za Mumias na Nyangoma zikafunguliwa 1961. Kwa miaka mingi nia ya shule ilikuwa kumfanya mtoto aseme kwa kinywa, na ishara zilipigwa marufuku darasani, mikono ikichapwa. Watoto waliendelea kuzitumia bwenini, na huko ndiko lugha ilikokomaa. Miaka ya 1980 mambo yakaanza kulegea. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha mradi wa utafiti wa lugha hiyo, ambao ulitoa kamusi na kufunza wakalimani. Katiba ya 2010 ikaipandisha juu kabisa: kifungu cha 7 kinaitaka serikali iiendeleze, cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitumia, na cha 120 kinaiweka kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Kwa mtoto wa leo, maana yake ni shule. Hapa mjini kuna kitengo cha viziwi katika shule ya msingi ya Race Course, na kwa waliomaliza kuna Taasisi ya Ufundi ya Viziwi ya Karen. Shule kubwa za bweni, kama Kambui kule Kiambu na ile ya Machakos, ziko nje ya jiji. Bweni lina faida yake: mtoto anazungukwa na lugha kutoka asubuhi hadi usiku. Lina hasara pia. Anarudi Desemba akiwa na mambo mengi ya kusimulia, na nyumbani hakuna anayemwelewa isipokuwa labda dada mmoja anayejua herufi za vidole. Watoto viziwi walio wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Kwa hiyo huduma ambayo ningeiweka mbele ya zote, mbele hata ya kifaa, ni darasa la ishara kwa mama, baba na ndugu tangu siku kipimo kinapotoka. Na hiyo ndiyo haba kuliko zote. Madarasa yapo, yanaendeshwa na vyama vya viziwi, vyuo na makanisa, lakini mengi yamelenga wanaotaka kuwa wakalimani, saa za ofisi, katikati ya mji. Mama anayeuza mboga Githurai hawezi kufika huko.

Mzazi akiambiwa kuwa ishara zitamfanya mtoto awe mvivu wa kusema, asikubali. Anaweza kumvisha kifaa na kumfundisha ishara kwa pamoja. Lugha moja iliyokamilika humsaidia mtoto kupata ya pili, na asiye na lugha yoyote hadi miaka saba hulipa deni hilo maisha yake yote.

Kuna jambo ambalo wahudumu wengi wa Nairobi hawalijui. Mtahiniwa kiziwi anaweza kufanya mtihani wa Lugha ya Ishara ya Kenya badala ya Kiswahili. Ni utaratibu wa haki kabisa, lakini matokeo yake ni kwamba viziwi wengi waliosoma hawakufundishwa Kiswahili cha kuandika. Muuguzi mwenye nia njema anachukua kalamu, anaandika “Ulianza kuumwa lini?”, mgonjwa anaangalia, anatabasamu kwa adabu, anatingisha kichwa. Muuguzi anaandika kwamba mgonjwa amejibu. Hata Kiingereza, alichofundishwa, ni lugha ya pili aliyojifunza bila kuisikia. Wako wanaokiandika vizuri mno, na wako ambao sentensi ndefu huwapoteza. Karatasi si mbadala wa mkalimani.

Ndipo tunafika penye fundo lenyewe: mkalimani analipwa na nani?

Mahakamani jibu lipo. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo, na cha 49 kinataka anayekamatwa aelezwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa. Bungeni na kwenye taarifa za habari kile kisanduku cha mkalimani pembeni mwa skrini tumekizoea. Ukitoka hapo, jibu linazidi kufifia. Hospitali nyingi hazina fungu la mkalimani, hivyo mgonjwa huja na wake, ama huja na jamaa. Mwajiri anatakiwa kuweka mazingira yanayomwezesha mfanyakazi, lakini wengi hudhani wakishamwajiri kiziwi wamemaliza. Mkutano wa wapangaji, chama cha akina mama, mazishi, harambee: huko hakuna anayelipa, na kiziwi hukaa akingoja binamu amfupishie hotuba ya nusu saa kwa ishara mbili.

Na jamaa kuwa mkalimani ni hatari kuliko inavyoonekana. Fikiria mama kiziwi katika chumba cha daktari, na binti yake wa miaka tisa anayesikia ndiye anayetakiwa kumwambia majibu ya kipimo cha kizazi. Binti hajui neno lenyewe, halafu analijua, na sasa amebeba siri ya mamake. Au fikiria aliyepigwa na mumewe amefika kituo cha polisi, na anayejitolea kutafsiri ni shemeji. Taarifa itakayoandikwa pale ni ya shemeji. Mkalimani aliyefunzwa anafungwa na usiri, hatoi ushauri, haongezi wala hapunguzi. Ndiyo maana wakalimani nchini wana chama chao, KSLIA, na ndiyo maana anayehitaji mkalimani aulize mafunzo yake kabla ya kuuliza bei.

Ofisi ikishampata, imtumie ipasavyo. Asimame karibu na anayeongea, si nyuma ya kiziwi. Mwanga usitoke dirishani nyuma yake, maana mikono itakuwa kivuli. Mtazame kiziwi na useme naye: “Maumivu yako wapi?”, si “Mwulize anaumwa wapi.” Kikao cha zaidi ya saa moja kinahitaji wakalimani wawili wanaopokezana, kwa sababu mikono na akili huchoka na makosa huanza bila yeyote kugundua. Watayarishaji wa mikutano husema hiyo ni gharama maradufu, huku bajeti yao ya chai na andazi haijaguswa.

Siku hizi simu imepunguza makali. Viziwi wa Nairobi wanaishi kwenye WhatsApp, kwa video: simu imeegemezwa kwenye kikombe, mikono miwili iko huru, bando likiisha mazungumzo yamekatika. Kwa njia hiyo mkalimani aliye Rongai anaweza kumsaidia aliye kliniki ya Mathare, mradi kuna mtandao. Nambari za dharura za kupiga kwa sauti, 999 na 112, hazimsaidii kiziwi aliye peke yake usiku.

Ukihesabu kwa haki, sehemu kubwa ya huduma mjini hutolewa na viziwi wenyewe, bila jina la huduma. Chama chao cha kitaifa, KNAD, kipo tangu miaka ya 1980 na ni mwanachama wa Shirikisho la Viziwi Duniani. Hicho ndicho husukuma sera. Lakini chini yake kuna makanisa ya viziwi, timu za mpira, vikundi vya akiba, na yule kijana mmoja mwenye Kiingereza kizuri ambaye kila mtu humwomba amsindikize benki. Mtu akitoka kijijini hajui hata kwamba ishara zake za nyumbani si lugha nzima, ni katika vikundi hivi hujifunza, hupewa jina la ishara, na huambiwa kazi iko wapi. Mkahawa wa Pallet, Lavington, umejulikana kwa kuajiri wahudumu viziwi. Wateja huagiza kwa kuonyesha au kwa ishara walizofundishwa mezani. Napenda kwamba pale anayejifunza ni mteja.

Waliobaki nje ya mipango yote hii ni wale waliopoteza usikivu ukubwani: fundi wa Kamukunji, nyanya wa redio. Si viziwi kwa maana ya jamii ya viziwi, hawajui ishara, na wengi hawajiandikishi popote kwa aibu. Nyumbani husemwa kuwa wamekuwa wakaidi au wamechanganyikiwa. Kwao mlango ni ule wa sikio, waanze na kutolewa nta, kisha kipimo, kisha kifaa kama kinahitajika. Wanaoishi nao wazime televisheni kabla ya kuongea, wakae mbele yao penye mwanga, waseme polepole bila kupiga kelele, kwa kuwa kelele hupotosha sauti na humfanya mzee adhani anagombezwa. Wasipoeleweka mara ya pili, waseme jambo hilo kwa maneno mengine badala ya kurudia yale yale kwa sauti ya juu. Naye fundi, kwa usikivu uliobaki, avae vizibo vya masikio kazini kuanzia kesho asubuhi.